Kuseti breki za dramu kwenye Volkswagen Beetle ya 1965

Pedali ikianza kushuka, wengi hushika bisibisi na kukaza breki papo hapo. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipofungua dramu ya nyuma na kukuta silinda inayosukuma breki inavuja na breki shuu, yaani vile vipande vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani, zimelowa. Beetle yangu ni ya 1965, na mfumo wake wa breki ni wa njia moja: silinda moja ikiachia, breki ya mguu inapotea kwenye magurudumu yote manne. Tangu siku hiyo siseti breki ambazo sijazifungua nikaziona.

Anza nyuma, gari likiwa bado chini. Nati ya ekseli ni ya milimita 36 na hukazwa kwa takriban Nm 300. Ukipambana nayo gari likiwa juu ya jeki, utaliangusha. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, vuta hendibreki, chomoa pini ya nati, kisha ilegeze kwa mpini mrefu. Sasa pandisha gari na uliegemeze kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi, hata kama kazi ni ya dakika tano.

Achia hendibreki. Kwenye uso wa dramu kuna tundu. Zungusha dramu mpaka uone kupitia hapo nati yenye meno kama nyota. Ziko mbili kila gurudumu, moja kwa kila shuu, na hulegezwa kwa kuzungushwa pande tofauti. Zilegeze kabisa kabla ya kuvuta dramu, kwa sababu dramu kuukuu huwa na ukingo uliobaki pale shuu zisipofika, na ukingo huo huzing'ang'ania.

Usipulize vumbi kwa upepo. Lainingi, yaani tabaka la msuguano lililobandikwa kwenye shuu, za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huua mapafu polepole. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kifunge kwenye mfuko na ukitupe.

Fungua upande mmoja tu, ule wa pili uuache mzima. Hapo ndipo utakapotazama ukisahau springi ipi ilishika tundu lipi. Nimepiga picha mara nyingi, lakini hakuna picha inayoshinda breki nzima iliyo mbele ya macho.

Funua mipira ya silinda. Ikiwa ndani kuna mafuta ya breki, badilisha silinda. Lainingi iliyonyonya mafuta haisafishwi kwa petroli wala haichomwi. Inabadilishwa, tena pande zote mbili za ekseli, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila ukishika breki. Dramu nayo ikague kwa kidole: mikwaruzo mirefu au umbo lililokwenda yai linahitaji fundi wa mashine ya kukereza.

Sehemu inayopuuzwa sana ni skrubu za kusetia zenyewe, zile zinazoingia kwenye nati za nyota. Zitoe, zisugue kwa brashi ya waya, paka uzi wake grisi ya breki inayostahimili joto, na hakikisha zinazunguka kwa vidole. Mfereji kwenye kichwa cha skrubu umekatwa mshazari; uelekeze ufuate mshazari wa shuu, vinginevyo shuu itakaa upande. Weka grisi kidogo pia pale shuu zinapogusa bamba la nyuma, lakini isifike kwenye lainingi.

Mbele utaratibu ni uleule, ila dramu imeshikwa na nati za beringi. Kushoto uzi umegeuzwa, na waya wa spidomita umepita katikati: toa kipini chake kwanza. Seti beringi kabla ya breki, maana dramu inayocheza itakudanganya.

Sasa kuseti. Kaza nyota moja mpaka gurudumu ligome, kisha ya pili. Ingia ndani ukanyage pedali kwa nguvu mara mbili tatu, ili shuu zijipange katikati ya dramu. Ukirudi utakuta gurudumu limelegea tena. Kaza upya, kanyaga upya, hadi lisibadilike. Ndipo urudishe nyota meno mawili au matatu, gurudumu lizunguke huku ukisikia mkwaruzo mwepesi tu. Wanaoruka hatua ya pedali ndio wanaolalamika kwamba breki zimeshuka baada ya siku mbili.

Hendibreki iwe ya mwisho. Ukiikaza kwanza, itasukuma shuu na kuficha nafasi uliyotakiwa kuiondoa kwa nyota.

Ukiwa umefungua mabomba, toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali. Shusha gari, kaza nati ya ekseli kwa kipimo. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma kamwe.

Jaribu kwa mwendo mdogo mahali patupu, kisha ukaribishe kiganja kwenye kila gurudumu. Lenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili limekazwa mno. Shuu mpya zitajikata zikae vizuri, kwa hiyo baada ya kilomita 300 hivi rudi uzisetie tena.