Kubadilisha kabureta ya pampu ya maji yenye injini ya GX160

Pampu nyingi za petroli za inchi 2 na 3 zinazotumika kumwagilia mashamba zinaendeshwa na Honda GX160, au injini za Kichina za muundo huohuo zenye alama 168F. Zikianza kusumbua, kabureta ndiyo hulaumiwa kwanza, na nyingi hutupwa zikiwa zimeziba tu.

Injini ikikubali kuwaka choki ikiwa imefungwa, halafu ukiifungua inazima, shuku jeti kuu, yaani kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli. Funga koki ya mafuta, fungua bolti ya 10 iliyo chini ya bakuli la petroli la kabureta, utoe jeti ya katikati kwa bisibisi bapa. Izibue kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma: hupanua tundu, na baada ya hapo injini hula mafuta na kutoa moshi mweusi. Kabureta ya kubadilishwa ni ile iliyoliwa ndani na kutu nyeupe, au ambayo mhimili wa kipepeo (kibamba cha kufungua na kufunga njia ya hewa) unacheza ukiutikisa kwa vidole.

Dukani nenda na ya zamani mkononi. Kabureta ya GX200 (cc 196) inaingia vizuri kwenye stadi (bolti zinazoshika kabureta) za GX160 (cc 163), ila jeti zake hazilingani. Ya jenereta hufanana kwa sura, lakini mara nyingi haina koki ubavuni na choki yake huvutwa kwa namna nyingine. Ya injini kubwa ya 188F haikai. Hakikisha unapewa na gasketi zote.

Acha injini ipoe, chomoa waya wa plagi, funga koki na umwage petroli ya bakuli kwenye chombo. Fungua eya klina pamoja na mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu. Piga picha ya springi za gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) kabla hujagusa chochote. Vuta kabureta taratibu kwenye stadi, izungushe kidogo, kisha chomoa fimbo ya gavana na springi nyembamba iliyo pembeni yake. Fimbo ikipinda au springi ikinyooka, mwendo wa injini hautatulia tena.

Kazi huharibikia kwenye gasketi. Mpangilio kuanzia kwenye injini ni huu: gasketi, kipande cheusi kigumu cha kuzuia joto, gasketi nyingine, kabureta, gasketi ya eya klina. Kipande cheusi kirudi kwa uso uleule kilivyokuwa, na kila tundu dogo la gasketi lilale juu ya tundu mwenzake. Kwangua mabaki ya gasketi kuukuu yaishe kabisa. Silikoni usipake hata kidogo. Petroli huilainisha, ikamenyuka na kwenda kuziba jeti. Kaza nati mbili kwa zamu, robo kwa robo. Kipande kile hupasuka kwa mkono mzito.

Kabla ya kufungua koki, osha kikombe cha uchafu kilicho chini yake, maana mchanga wa tangi huweza kuua kabureta mpya siku ileile. Fungua, subiri dakika moja. Petroli ikidondoka, gonga bakuli kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiendelea, sindano ya kufungia petroli ndani ya bakuli imenasa uchafu, au floti (boya linaloisukuma) haikai sawa. Kimo sahihi cha floti ni milimita 13.7.

Jaza pampu maji ndipo uwashe, kwa sababu sili yake huungua ikizunguka kavu. Injini ikinguruma na kupanda kasi bila kikomo, zima palepale: fimbo ya gavana haijashika au springi imewekwa tundu lisilo lake. Mlio ukipanda na kushuka, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya gasketi. Ukibadilika, hewa inapenya hapo, na kukaza zaidi hakutasaidia kama gasketi imekaa vibaya.

Silensa, yaani mwendo wa chini wa injini ikiwa haina kazi, iwe karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, na irekebishwe injini ikiwa imeshapata moto. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli yenye kofia ya plastiki usiivunje. Isiyo na kofia ianzie mizunguko kama miwili kutoka ilipofungwa taratibu hadi mwisho, kisha uisogeze kidogo kidogo mpaka mlio utulie.