Sikukuu ya watu sita nyumbani

Mwaka aliofariki mama, sikukuu ilitukuta tuko watu sita tu. Miaka ya nyuma hatukuwahi kupungua ishirini, na mimi, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, nikajiona nina deni la kuifanya ifanane na zile zake. Nilipika vyakula saba. Niliingia jikoni alfajiri, na saa nane mchana, wenzangu wameshakaa, mimi bado nilikuwa nakoroga sufuria. Nikasikia wanacheka. Nikatoka na mwiko mkononi kuuliza wanacheka nini. Baba akanitazama kwa upole, akasema, "Ungekuwa hapa ungejua, mwanangu."

Hakuwa ananikemea. Lakini kuanzia siku ile nilibadili namna ninavyopanga.

Sasa sianzi na chakula. Nachukua karatasi na kuandika jambo moja tutakalofanya pamoja siku hiyo. Moja tu. Huenda ni kusali, kupitia picha za zamani, kumpokea mtoto aliyezaliwa mwaka huo, au kumsikiliza mzee akisimulia. Likishapatikana, nalipangia saa yake, na naiweka mapema, kabla watu hawajashiba wakalegea na watoto hawajaanza kusinzia. Kisha napitia mipango mingine yote: chochote kitakachonizuia kukaa chini saa hiyo ikifika, nakifuta. Vyakula saba vilifutwa hivyo.

Wageni nawapigia simu mmoja mmoja, wiki mbili kabla. Ujumbe wa kundi husomwa na wote na kujibiwa na wawili. Nikipiga, namwambia mtu saa ya kuanza na saa ya kumaliza, halafu namwomba kitu kimoja: picha fulani, viti viwili, au aje mapema kunisaidia kuandaa meza. Yule mkimya wa familia ndiye ninayempa kazi ya kwanza, maana mtu mwenye kazi hajioni mgeni.

Kuhusu idadi, watu sita hadi wanane wanatosha. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, na wenzake walichunguza jinsi watu wanavyozungumza wakiwa pamoja, wakaona mazungumzo ya pamoja kwa kawaida hayazidi watu wanne, wakiongezeka, yanagawanyika. Nimeliona hilo mezani kwangu mara nyingi. Wanne wa upande huu wana lao, wawili wa kule wameinamia simu. Kwa hiyo saa ya lile jambo kuu lazima awepo mtu mmoja wa kushika usukani, na apewe taarifa siku kadhaa kabla, asishtukizwe.

Chakula sasa ni aina tatu: kimoja kizito kinachopikwa jana yake, kimoja kibichi, na kitu kitamu cha mwisho. Ukipika jana yake, kigawe kwenye vyombo vya kina kifupi ili kipoe haraka, na kiingie kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili tangu kiive. Siku yenyewe kipashe mpaka kifuke mvuke hadi katikati. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto wa kupikia. Wali ukiachwa mezani muda mrefu, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha. Watu wanaogopa nyama na kuusahau wali.

Mapambo sina mengi ya kusema. Kitambaa safi na taa isiyoumiza macho. Ukiwasha mishumaa, ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye pazia, na usitoke chumbani ukaiacha inawaka.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni bakuli la maswali. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima mtoto anajua kiasi gani cha historia ya familia yake: unajua wazazi wako walikutanaje, unajua jina lako lilitoka wapi, na kadhalika. Waliona kwamba watoto waliojua mengi walikuwa pia na mwelekeo wa kujithamini zaidi. Mimi naandika maswali ya aina hiyo kwenye vikaratasi, nakunja, natia kwenye bakuli. Mtoto anachomoa, anasoma kwa sauti, na mkubwa anayehusika anajibu. Sharti ni moja: asimuliaye hasahihishwi. Hata kama shangazi ana hakika ilikuwa mwaka mwingine, asubiri.

Mara ya kwanza, mtoto wa mdogo wangu alichomoa lile la jina. Baba alikitua kikombe chake, akakizungusha taratibu mpaka kishikio chake kikaelekea ukutani. Akasema jina lile lilikuwa la rafiki aliyemwazima viatu siku aliyokwenda kuomba kazi yake ya kwanza. Viatu vilimbana, akatembea navyo hivyo hivyo, na kazi akaipata. Mdogo wangu alimpa mwanawe jina hilo kwa sababu baba alilipendekeza; kisa chenyewe hakuna aliyewahi kukisikia. Mtoto akaangalia miguu yake.

Kama kuna aliyefariki, msimnyamazie. Mtajeni kwa jina, na swali moja la bakulini liwe juu yake. Atakayelia, aachwe alie, asipelekwe chumbani.

Mwisho, nunua daftari la jalada gumu na ulifungie kalamu kwa uzi, la sivyo kalamu itapotea. Kabla watu hawajaondoka, kila mmoja aandike sentensi moja. Asiyejua kuandika achore. Nyuma ya ukurasa naandika mambo ya jikoni: tulikuwa wangapi, nilipika kiasi gani, kilibaki nini. Mwaka unaofuata, kabla sijampigia mtu simu, nalifungua hilo kwanza.

Ukurasa wa mwaka wa mwisho wa baba una tone la mchuzi pembeni. Herufi zake zinatetemeka na mstari umepanda juu: "Nimekaa karibu na dirisha. Na binti yangu amekaa nasi."