Mtoto "mtulivu" kliniki: namna ninavyomkagua na kumsaidia

Siku ya mizani zahanati kwetu wanakuja watoto arobaini, hamsini, na manesi tuko wawili. Anayelia tunamwona. Anayeharisha tunamwona. Yule aliyetulia tuli mgongoni tunamsifu: "Huyu hana shida." Miaka yangu ya mwanzo kazini nami nilimsifu. Siku hizi ndiye ninayemwangalia mara mbili.

Mwongozo huu ni wa manesi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hauhitaji chumba wala bajeti, ni kikombe cha plastiki chenye mfuniko tu. Programu ya taifa ya Tanzania ya MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto), iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu malezi yenye mwitikio, yaani kuzisoma ishara za mtoto na kumjibu, kuwa sehemu ya huduma kwa mtoto, kwa hiyo usijione unapoteza muda wa foleni.

1. Angalia foleni kabla hujaita majina. Mtoto wa miezi 3 kwa kawaida humtafuta mama kwa macho, na akichekewa hucheka. Wa mwaka mmoja akichomwa sindano humgeukia mama amtulize. Asiyegeuka, andika jina lake pembeni. Ila usiharakishe: mtoto aliyelelewa na bibi na mashangazi nyumba nzima anaweza asimwogope mgeni, na hilo peke yake si kitu.

2. Mwili kwanza. Upungufu wa damu, njaa, sikio linalotoa usaha, uziwi: vyote vinaweza kumfanya mtoto aonekane ana huzuni. Soma mstari wa uzito kwenye kadi, tazama viganja, gonga kikombe nyuma yake uone kama atageuka. Asipogeuka, mpe rufaa akapimwe masikio. Usiruke hatua hii kwa kuwa umenogewa na ushauri.

3. Uliza maswali mawili. "Unachezaje naye?" na "Unaongeaje naye?" Kwa mwenye mtoto wa chini ya miezi 6, uliza anafanyaje mpaka mtoto atabasamu. Maswali haya yamo katika mafunzo ya WHO na UNICEF, na uzuri wake ni kwamba hayajibiki kwa ndiyo au hapana. Ukiuliza "Unampenda mwanao?" umejifungia mlango. Wengine watakucheka: "Niongee naye nini, nesi, na hajui kitu?" Usimkosoe. Mpe kikombe.

4. Kikombe. Hapa ndipo penye kazi. Namkumbuka mama mmoja na mvulana wa miezi 14 aliyekaa pale alipowekwa, kama furushi. Mama alipopokea kikombe akaanza kufundisha: "Shika! Sema kikombe! Sema!" Mtoto akatazama ukuta. Nikamwambia, "Mama, usimfundishe. Mfuate yeye. Akigonga, gonga. Akiguna, guna." Akacheka kwa aibu, akakaa chini sakafuni, akasubiri.

Ikapita kama dakika nzima, hamna kitu. Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu: foleni inanung'unika, tunanyakua kikombe tuonyeshe wenyewe. Kaa kimya. Mtoto akausukuma mfuniko kwa kidole kimoja. Mama akausukuma ukarudi. Ndipo mtoto akainua macho akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu waingie. Nilisema neno moja tu: "Umeona anavyokutazama?" Msifu mama kwa alichofanya yeye, si kwa ulichomwambia wewe.

5. Sasa mgeukie mama. "Na wewe, mama, unalalaje usiku?" Mwenye sonona anaweza kumlisha mtoto, kumwogesha na kumleta kliniki kila mwezi, lakini uso wake umezimika, na mtoto mdogo husoma uso. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wakae na nyuso zisizoonyesha chochote kwa dakika chache tu. Watoto walijaribu kuwarudisha kwa tabasamu, sauti na mikono, kisha wakageukia pembeni. Hizo ni dakika chache. Mvulana wangu wa kikombe alikuwa ameishi hivyo kwa miezi.

Muulize mama wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Swali halipandi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

6. Mpe kazi moja tu ya nyumbani. Mimi huchagua wakati wa kumpaka mafuta: amwongeleshe, kisha anyamaze ampe mtoto zamu ya kujibu, hata kwa mguno. Bibi akisema "utamzoesha kubebwa," mwite naye kliniki. Kichanga anayebebwa akilia haharibiki.

7. Rufaa. Mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, au wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, apelekwe hospitali ya wilaya bila kusubiri tarehe nyingine. Majeraha yasiyoelezeka ni ya afisa ustawi wa jamii. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mvulana wa kikombe nilimpa wiki 2. Walipokuja, nilimtundika kwenye mizani akapiga ukelele hadi foleni yote ikageuka, mikono ameinyoosha kwa mama yake. Alipochukuliwa akanyamaza, uso kauzika begani. Mama akaniomba radhi kwa kelele. Nikaandika kilo 9.1 na tarehe ya kurudi.