Siku ya kwanza kwenye seti ya filamu: nani umuulize nini

Usimkimbilie mwongozaji kwa kila swali. Ratiba ya siku na nani aitwe saa ngapi ni kazi ya msaidizi wake wa kwanza. Mambo ya pesa, mtayarishaji. Taa usiiguse hata ikikuzibia njia. Mwite fundi mkuu wa taa.

Ninayekusihi umsikilize sana ni mtunza mwendelezo, na hiyo ndiyo kazi yangu. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi: leo mwigizaji anafungua mlango, chumba anachoingia kitarekodiwa wiki ijayo. Kwa hiyo naandika kila kitu. Kikombe mkono wa kushoto, chai imefika nusu, kifungo cha juu kiko wazi, alikunywa baada ya neno gani. Ukikisogeza kikombe hicho kati ya shoti mbili, yaani vipande viwili vinavyorekodiwa, mhariri atakikuta kinaruka mezani. Niite kwanza.

Fundi sauti akiomba kimya, simama ulipo, maana viatu navyo husikika. Akizima jokofu ili mngurumo wake usinaswe, mara nyingi huacha ufunguo wa gari lake humo ndani, asije akaondoka bila kuwasha jokofu tena.