Kupunguza kudokoadokoa kati ya mlo na mlo

Anayenenepa huulaumu wali wa mchana. Mara nyingi ongezeko limepita kwingine: chai ya saa nne, kikoni (karatasi iliyokunjwa) cha njugu barazani, urojo wa alasiri. Mtu akiulizwa leo amekula nini, hivyo havitaji kabisa. Mwili huweka akiba ya mafuta pale jumla ya siku inapozidi matumizi yake, na vitafunio vyetu vingi ni unga, sukari na mafuta, vinaliwa bila kupunguza sahani inayofuata. Wanaodai kwamba kula mara kwa mara kunauchangamsha mwili uchome zaidi, wamekosea.

Anza na daftari. Kwa siku tatu, mojawapo ya mapumziko, andika kila kinachoingia mdomoni: saa, kiasi, na kilichokusukuma (njaa, uchovu, au sinia limepita mbele yako). Kuonja mchuzi na kumalizia masazo ya watoto pia kuandikwe.

Kisha piga hesabu. Kijiko cha chai cha sukari, kilichosawazishwa, ni gramu 4, kama kalori 16. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48 na kalori 190 hivi, hujagusa andazi bado. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikishuka chini ya asilimia 5, takriban gramu 25 kwa mtu mzima, ndiyo bora zaidi. Kijiko cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Gramu 30 za njugu, gao dogo, karibu 170. Njugu zenyewe hazina ubaya, ubaya ni kikoni cha pili.

Vya kunywa ndivyo vya kupunguza mwanzo, maana soda na juisi ya miwa hushibisha kidogo kuliko chakula chenye kalori zilezile. Kwenye chai, toa nusu kijiko kila wiki. Anayekata ghafla aghalabu hurudi palepale. Iliki, mdalasini na mchaichai husaidia ladha.

Halafu tengeneza chakula cha asubuhi. Chai na maandazi mawili hayakufikishi mbali. Muhogo wa kuchemsha kwa samaki, au mayai, au maharage, hukaa tumboni zaidi, na saa nne inapita bila vita.

Baki na kitafunio kimoja kwa siku, kiwekwe kwenye sahani, cha kalori 150 hadi 200: chungwa na gao la njugu, au yai la kuchemsha na tikiti. Ukitaka urojo, huo ndio uwe mlo, si nyongeza ya mlo. Rojo lenyewe si tatizo kubwa; mzigo uko kwenye badia, kachori, chipsi za muhogo zinazomwagwa juu, na chatini ya nazi. Mwambie muuzaji akuwekee viazi, yai, mishikaki na badia moja, chipsi kidogo tu.

Maandazi ya nyumbani yanarekebishika. Kandia tui la pili badala ya kasimile, yaani tui zito la kwanza. Mafuta yafike nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipimajoto, tia kidonge cha unga: kikizama na kutulia chini, bado. Kikipanda mara moja na mapovu, tayari. Usijaze karai, joto litashuka na maandazi yatayanywa mafuta.

Ramadhani huwa mtihani, maana kaimati na visheti huzunguka tangu futari mpaka daku. Tende mbili tatu, futari, kisha maji hadi daku. Kaimati ziliwe na futari, si peke yake saa tano usiku.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asiache vitafunio kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka vibaya. Mjamzito na mtoto vilevile waulizie kwanza.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kunywa chochote, na pima kiuno kwa utepe. Kilo moja kupanda au kushuka baina ya siku mbili mara nyingi ni maji na chumvi tu. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, rudia daftari la siku tatu, na safari hii pima na wali pia: kitafunio kikitoka, sahani ya mchana huwa inajiongeza kimyakimya.