Somo: Kununua chokaa kwa jumla kwa ajili ya tangi la matumbawe

Habari za leo, wanachama. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu chokaa ya gunia, na majibu ya mkatomkato yamewachanganya watu, kwa hiyo leo naliandika somo lote mahali pamoja. Maswali yenu nimeyajibu chini.

Kopo la duka la samaki wa mapambo lililoandikwa Kalkwasser (Kijerumani, "maji ya chokaa") na gunia la kilo 25 linalokwenda kiwanda cha chakula vina kitu kilekile ndani: haidroksaidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa. Kwa kilo, kopo lile ni ghali mno, na sehemu kubwa ya fedha unayotoa inalipia kopo, jina na safari ya meli. Kwa hiyo kununua kwa jumla kuna maana. Lakini neno "chokaa" limebeba vitu vingi sana katika maduka yetu, na vingine vitaua matumbawe yako. Kuna hata chokaa iliyotengenezwa kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Hilo nitalifikia.

Kwa wageni: matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti wanazozitoa majini. Ndani ya tangi akiba hiyo hupungua kila siku, na lazima irudishwe. Maji ya chokaa hurudisha kalsiamu na ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) kwa uwiano uleule ambao matumbawe huvitumia, ndiyo maana njia hii, iliyoenezwa Ulaya na Peter Wilkens miaka ya 1970, bado haijapitwa na wakati. Faida ya pili ni kwamba hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikishuka, uasidi umezidi), jambo la maana kwa sisi tunaolala madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu au kiyoyozi, hewa ya chumba ikajaa kabonidayoksaidi inayoishusha.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kumpigia simu muuzaji

Watu wengi huiruka hatua hii. Chokaa haiyeyuki sana. Lita moja ya maji hupokea takriban gramu 1.5 hadi 1.7 tu, basi, na kinyume cha chumvi au sukari, maji yakipata joto huyeyusha kidogo zaidi. Kwa joto la Mombasa mimi huhesabu gramu 1.5 kwa lita.

Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku kwa kukauka. Ukijazia lita zote 3 kwa maji ya chokaa, umetumia gramu 4.5. Kwa mwaka ni kilo 1.6 na kitu. Gunia la kilo 25 litakuchukua miaka 15! Na chokaa haikai miaka 15 ikiwa nzima, kwa sababu kila unapofungua chombo inavuta kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka polepole kuwa kalsiamu kaboneti, unga wa chaki tu, usioyeyuka wala kusaidia kitu.

Kwa hiyo gunia ni la kikundi. Tafuteni watu wanane au kumi, mnunue moja, mgawane siku hiyohiyo linapofunguliwa. Mwenye tangi moja dogo na asiye na wenzake anunue kilo moja au mbili za daraja la chakula, inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Ijue chokaa unayoitaka

Daraja la chakula ndilo ninalolipendekeza. Kwenye karatasi huandikwa E526, namba yake ya Ulaya kama kiongezi cha chakula. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka iwe na haidroksaidi ya kalsiamu isiyopungua asilimia 92, na zinaweka ukomo wa risasi, aseniki na floridi. Daraja la dawa lenye herufi USP, yaani kiwango cha dawa cha Marekani, huanzia asilimia 95. Ukilipata kwa bei ya karibu, chukua, lakini usijinyime usingizi kwa ajili ya hizo asilimia tatu.

Chokaa ya ujenzi ni jambo jingine. Ile ya viwango vya Ulaya iliyoandikwa CL 90 inaruhusiwa kuwa na oksaidi ya magnesiamu hadi asilimia 5, na chokaa inayotokana na mawe ya dolomiti huwa na magnesiamu nyingi kupita hapo. Magnesiamu hiyo haiyeyuki katika maji ya chokaa, inabaki chini kama tope, kwa hiyo unalipia uzito usioutumia. Na mfuko wa ujenzi haukuahidi lolote kuhusu metali nzito, kwa sababu ukuta haujali.

Chokaa hai, ile isiyozimwa, msiinunue. Ikiguswa na maji huchemka, inaweza kuyeyusha ndoo ya plastiki na kukurushia usoni. Kuna wafugaji wa zamani wanaoitumia kwa uzoefu wao. Kikundi kinachogawana unga sebuleni hakina sababu ya kuigusa.

Hatua ya 3: Uliza ilikotoka

Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Pwani yetu chokaa imechomwa kwa karne nyingi, na majumba ya mawe ya Lamu, Unguja na Kilwa yamesimama kwa chokaa hiyo. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu ni jiwe kama mawe mengine. Lakini kusini mwa Tanzania, Mafia na upande wa Mtwara, yalikuwa yanang'olewa matumbawe hai kutoka maji ya kina kifupi, yanaanikwa ufukweni, yanapangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Tumbawe lililochukua miongo mingi kukua linakuwa ndoo kadhaa za chokaa kwa usiku mmoja, na samaki waliokuwa wanajificha hapo wanakosa pa kukaa.

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani kwa kuyapenda hawezi kuyalisha chokaa ya namna hiyo. Mimi kwangu hilo halina mjadala. Hata kwa upande wa kemia haifai: imechanganyika na majivu ya kuni, na majivu yana fosfeti, chakula cha mwani.

Basi muulize muuzaji jiwe lilichimbwa wapi. Chokaa ya viwandani ya Tanga au ya Koru, magharibi mwa Kenya, hutokana na mawe ya chokaa ya nchi kavu. Asiyejua kabisa bidhaa yake ilikotoka, mwache.

Hatua ya 4: Omba cheti cha uchambuzi

Wauzaji wa kemikali wanaohudumia viwanda vya sukari, viwanda vya ngozi na mitambo ya kusafisha maji huwa na chokaa kwa magunia. Wapigie, taja E526 au daraja la chakula, kisha omba cheti cha uchambuzi cha shehena ileile utakayouziwa. Namba ya shehena kwenye cheti ilingane na namba kwenye gunia. Cheti cha miaka iliyopita ni karatasi tu.

Angalia asilimia ya haidroksaidi ya kalsiamu, kisha magnesiamu, kisha visivyoyeyuka kwenye asidi (huo ni mchanga), kisha risasi na aseniki. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji akikuambia "ni safi tu, bosi, chukua", mshukuru na uende zako.

Hatua ya 5: Jaribu sampuli kwanza

Omba nusu kilo. Pima gramu 1 kamili, weka kwenye chupa ya lita moja iliyojaa maji ya RO (yaliyochujwa hadi kubaki karibu matupu) hadi karibu na mdomo, funga, tikisa, acha masaa machache, tikisa tena. Gramu moja iko chini ya kiwango ambacho maji yanaweza kupokea, kwa hiyo chokaa nzuri huyeyuka karibu yote. Ukiona tope zito chini, mwaga maji ya juu na tia siki nyeupe kwenye hilo tope. Likitoa mapovu ni kaboneti, maana yake chokaa ni ya zamani au ilihifadhiwa vibaya. Likiyeyuka kimya bila mapovu, shuku magnesiamu. Kinachobaki baada ya siki ni mchanga.

Kisha tengeneza maji yaliyoshiba, gramu 2 kwa lita, acha yatulie usiku mzima, upime yale maangavu ya juu. pH iwe karibu 12.4. Mwenye kipimo cha upitishaji umeme atasoma karibu 10 mS/cm kwa nyuzi 25. Kipimo hiki cha pili nakiamini kuliko cha pH, kwa sababu maji yaliyopoteza nusu ya nguvu yake bado yatasoma zaidi ya 12.

Hatua ya 6: Kugawana na kuhifadhi

Glavu, miwani ya kufunika macho, barakoa. Watoto wasiwepo chumbani. Unga huu huunguza macho na mapafu. Ukimwingia mtu jichoni, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama anasema amepata nafuu.

Tumieni ndoo za plastiki nene zenye kifuniko cha mpira. Msitumie sufuria wala kopo la alumini, chokaa hulila na kutoa hewa ya haidrojeni inayowaka. Kila mtu ajaze chombo chake hadi juu ili hewa ibaki kidogo, na atoe kwenye kichupa kidogo cha matumizi ya mwezi, ndoo kubwa ibaki imefungwa. Andikeni juu yake kwa maandishi makubwa: CHOKAA, SI UNGA WA CHAKULA.

Hatua ya 7: Kutia kwenye tangi

Changanya, funika, acha yatulie. Utando mweupe juu uache ulipo, na tope la chini usilivute: sehemu kubwa ya uchafu wa metali huzama humo. Chota maji maangavu ya katikati. Lita moja kwenye tangi la lita 200 huongeza ualkali karibu 0.57 dKH (dKH ni kizio cha ualkali) na kalsiamu karibu ppm 4, yaani sehemu nne kwa milioni.

Dondosha tone kwa tone, usiku, pale pH inaposhuka yenyewe. Mpira wa dripu wa duka la dawa unafanya kazi nzuri sana kwa bei ndogo. Anza na robo ya maji yanayokauka kwa siku, pima ualkali kila siku, ongeza taratibu. pH ikifika 8.5, simama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dar es Salaam): Kaka, asante kwa somo. Hapa dukani kuna chokaa ya kupaka ukuta, mfuko bei ya soda chache. Nikiacha itulie na kutumia maji ya juu tu, si uchafu utabaki chini?

Jibu: Mwingi utabaki chini, ni kweli, na kuna watu wamefanya hivyo bila madhara waliyoyaona. Lakini kilichoyeyuka hakitulii chini, na huna karatasi inayokuambia ni nini. Mifuko mingine ya kupaka ina gundi au rangi iliyochanganywa kabisa. Tangi lako lina matumbawe uliyoyalea kwa miaka, usifanyie majaribio hapo.

Swali (Mombasa, Mji wa Kale): Shikamoo mwalimu. Na chokaa ya tambuu? Mbona watu wanaila?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ile ni chokaa iliyokwisha lowekwa, hujui ina maji kiasi gani, kwa hiyo huwezi kuipima kwa gramu. Nyingine hutiwa manukato. Na mara nyingi huchomwa kutokana na makombe au matumbawe. Iache kwenye tambuu.

Swali (Maskati): Huku kiyoyozi kinawaka mchana na usiku, tangi langu la lita 400 linakausha lita 8. Nikitia zote kama chokaa ni nyingi?

Jibu: Lita 8 zinaongeza karibu 2.3 dKH kwa siku kwenye lita 400. Tangi lililojaa matumbawe magumu makubwa linaweza kuzimaliza, tangi jipya haliwezi. Usifuate kukauka kwa maji, fuata kipimo. Ukiona ualkali unapanda siku mbili mfululizo, punguza chokaa na ujazie kilichobaki kwa maji matupu ya RO.

Swali (Minneapolis): Dada zenu wa Marekani tunaona dukani chokaa ya kuwekea achari. Ndiyo hiyo?

Jibu: Ndiyo, dada, na nyinyi mna bahati, inauzwa kwa pauni moja moja na ni ya daraja la chakula. Soma viambato, kiwe kimoja tu, *calcium hydroxide*. Rafu hiyohiyo ina Pickle Crisp, ambayo ni kloridi ya kalsiamu. Hiyo inaongeza kalsiamu bila ualkali, ni dozi ya namna nyingine kabisa.

Swali (Nairobi): Pampu yangu ilikwama wazi usiku, tangi limekuwa jeupe kama maziwa na pH ni 9. Nifanye nini sasa hivi?

Jibu: Zima pampu kwanza. Weupe huo ni kalsiamu kaboneti, utatulia wenyewe. Tia maji ya soda yasiyo na ladha wala sukari kidogo kidogo palipo na mkondo mkali, ukipima pH kila mara, hadi ishuke 8.5, kisha acha. Pampu ya hewa iwake. Usibadilishe maji mengi kwa pupa leo, kwanza pima ualkali ujue umefika wapi, utuandikie hapa. Na pampu ya chokaa ipewe chombo kidogo cha kutosha siku moja tu, ili ikikwama tena isipate cha kumwaga.