Kutoka kabine ya avoka mpaka jurisiti wa kampuni, kama uko Lubumbashi

Wadogo wenye wanamaliza sheria ku Kasapa, ku université ya Lubumbashi, wananiulizaka sana: "Yaya, nifanye aje ili nitumike mu sheria ya kimataifa?" Na mara mingi swali lenyewe liko na viza ndani, mtu anawaza Paris, Bruxelles, La Haye. Mimi nawaambia muanze na ile iko mbele ya macho yenu. Shaba na kobalti ya Kolwezi, Likasi na Fungurume inachimbwa na kampuni zenye wenye hisa wao wako China, Uswisi, Kanada, kontra ya kuuzisha inaandikwa mu Kingereza, mashini zinatoka Afrika ya Kusini, makamio yanapita Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, yanaenda Dar es Salaam ao Durban. Faili ya kimataifa iko hapa hapa L'shi, na mtu wa kuisoma vizuri anatafutwa.

Kwanza staji, ule muda wa kujifunza kazi ya avoka mu kabine. Sheria ya baro (chama cha baavoka) ya 1979 inaomba miaka 2 ya staji, na wengi wanaichukua kama muda wa kubeba mafaili ya patro na kusimama ku tribinali kungojea tarehe ingine. Usiifanye hivyo. Usichague kabine juu ya jina, uliza wateja wake ni nani: kabine ndogo yenye iko na kampuni moja ya transpo na benki moja itakufundisha kuliko kabine kubwa yenye inafanya mirathi na viwanja tu. Ukiisha kuingia, omba uandike projé ya kwanza ya kila kontra, hata kama hawatakuita ku mkutano, halafu patro akiisha kuisahihisha omba ile kopi yake, weka zote mbili pembeni, soma mstari kwa mstari aliondoa nini, aliongeza nini, na umuulize sababu. Hiyo njo masomo yenyewe, hakuna profesa atakupatia.

Wakati uko mu staji, jifunze OHADA, sheria ya biashara yenye nchi mingi za Afrika zinatumia pamoja, mpaka ikae mu kichwa. Kongo iliingia tarehe 12 Septemba 2012, kwa hiyo bamukubwa wengi wa baro walisomea sheria ya zamani ya biashara, na kijana mwenye anajua vizuri Akte Unifome (sheria ya pamoja ya OHADA) ya kampuni ya 2014, ile ya dhamana ya 2010, ya arbitraji (kukata kesi mbele ya waamuzi wenye pande mbili zilikubali, inje ya tribinali) ya 2017, na ile ya kulipisha madeni yenye ilifanywa upya 2023, anaweza kukaa ku meza moja nao bila woga. Tena OHADA ni nchi 17: ile unajifunza hapa inatumika Douala, Dakar, Brazzaville, na kasasio (rufaa ya mwisho) mu mambo hayo inaenda Abidjan, ku CCJA, tribinali kubwa ya OHADA. Kuko pia shule yao, ERSUMA, ku Porto-Novo, Benin, yenye inafundisha majaji na baavoka. Kwangu hiyo njo pasipoti ya kwanza, na haiombi ambasade yoyote.

Halafu kodi ya madini, Code minier, ile sheria ya uchimbaji. Hapa sitaki useme tu "naijua", nataka uijue kwa namba, juu direktere atakuuliza namba. Kodi ni ya 2002, ikageuzwa tarehe 9 Machi 2018. Sehemu ya hisa zenye Leta (serikali) inapata bure mu kampuni ya uchimbaji ilitoka 5% ikafika 10%. Ruayalti (ile kampuni inalipa Leta juu ya madini yenye inauzisha) ya shaba ilipanda kutoka 2% mpaka 3,5%. Mwisho wa 2018 kobalti iliwekwa kati ya madini ya stratejia, na hayo yanalipa 10%. Kampuni inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya vijiji vyenye viko karibu na mine. Ongeza sheria ya su-tretansi (kazi zenye kampuni kubwa inapatia kampuni zingine) ya Februari 2017, yenye inawekea kampuni za mtaji wa Wakongomani kazi hizo: kila bon de komande yenye itapita ku biro yako utauliza kama kampuni yenye inapewa kazi iko na mtaji wa Wakongomani. Mtu mwenye anaweza kueleza hayo yote mu dakika tano, bila kufungua karatasi, anasikilizwa.

Kingereza sasa. Najua mnachoka kusikia, lakini hapa siwezi kuwaficha ukweli: bila Kingereza utabakia ku mlango. Zambia iko hapa karibu, wengi wenu muko na wajomba Kitwe ao Ndola, nendeni mukae huko likizo moja, muongee. Na Kingereza cha kontra si kile cha redio, kiko na fikra ingine nyuma yake. Mfano moja, muuangalie vizuri. Kontra ya transpo kati ya Kolwezi na Durban, iliandikwa chini ya sheria ya Uingereza. Mpaka unafungwa ku Kasumbalesa, makamio yanalala siku nyingi, mteja anadai malipo ya kuchelewa. Jurisiti mwenye alisoma hapa atasema mara moja "fosi majere" (jambo lenye halikutegemea sisi na lenye linatukinga tusilipe), juu mu dekre yetu ya 1888 ya mikataba, fosi majere iko mu sheria yenyewe, hata kama kontra haiitaji. Mu sheria ya Uingereza si hivyo: kama klozi ya fosi majere haikuandikwa mu kontra, hauna yake, utabakia na mlango mwembamba sana wenye majaji wao hawaufunguaka kwa urahisi. Na hata kama iliandikwa, angalia kama maneno "kufungwa kwa mpaka" yako ndani, na mulipashwa kumjulisha mteja mu siku ngapi. Kwa hiyo ukiletewa kontra, kabla ya bei, anza na mistari ya mwisho: sheria gani, arbitraji wapi, lugha gani. Kongo iliingia mu Konvansio ya New York ya kutambua hukumu za arbitraji mwisho wa 2014, na inatumika kwetu tangu Februari 2015, basi hukumu ya Paris ao London inaweza kukufuata mpaka ku konti yako ya benki hapa.

Masomo ya nje? Ndiyo, lakini kiisha kutumika. Burse ya Chevening ya Uingereza inaomba uwe umetumika karibu miaka 2 na inakuomba urudi ku inchi. Ubelgiji iko na burse za ARES na VLIR-UOS. Mwenye anaenda na mifano ya kazi anachagua masomo yenye yatamulisha, mwenye anaenda na diploma peke yake anachagua jina la mji.

Sasa kuhama kuingia mu kampuni. Ujue kama avoka haruhusiwe kuwa mutumishi wa mshahara chini ya patro, hiyo ni swali ya uhuru wa kazi. Kwa hiyo kabla ya kusaini, andikia batonye (mkuu wa baro) barua, omba omisio ku tablo, ni kusema jina lako litoke ku orodha ya baavoka, usiache jina likae pande mbili kwa siri. Soma na kontra yako mwenyewe kama vile ungesomea mteja: mu kodi ya kazi (Code du travail) ya 2002, kontra ya muda haipashwi kupita miaka 2, na mwaka 1 tu kama uko na bibi ao bwana na kazi inakutenganisha na familia, na hiyo inagusa wengi wenye wanalala ku kambi ya Kolwezi. Esei, muda wa kukujaribu ku kazi, haipite miezi 6.

Ukiisha kuingia, badilisha namna ya kujibu. Ku kabine ulikuwa unaandika kurasa nane na mwisho "inategemea". Direktere wa uzalishaji anasoma mesaji yako akiwa amesimama ku karyeri, pale wanachimba. Mwandikie hivi: "Tunaweza kusaini, lakini tubadilishe klozi 14. Tukiiacha, mashini ikivunjika tunalipa sisi. Naomba jibu kabla ya Alhamisi." Jibu, hatari, tarehe. Maelezo marefu uyaweke chini, mwenye anataka atasoma.

Na siku mtu wa transpo atakwambia "tumpatie kidogo ule wa ku mpaka, gari zipite", simama. Sheria ya Marekani ya kukataza rushwa ya 1977 na ile ya Uingereza ya 2010 zinaweza kufikia kampuni mama kwa kitu chenye kilifanyika Kasumbalesa, na ile ya Uingereza haiachi hata malipo madogo ya kuharakisha. Kataa kwa maandishi, siku ile ile, eleza sababu, weka njia ya halali chini: barua kwa mkuu wa duane, risiti ya kila franga. Kopi iende kwa direktere jenerali na kwa jurisiti wa kampuni mama.